Waziri Asiye na Benchi

Asiyewahi kufika Bayana asijisumbue kuulizia njia. Akae, asikilize, atafika. Bi Saumu Shekiondo mwenyewe hakupenda kuisimulia safari. Ukimuuliza alisema njia ilikuwa na vumbi, basi, akarudi kwenye kilichomshughulisha, yaani maneno. Alikuwa mtunga kamusi. Wenzake wakitoka safari huleta vitenge. Yeye alileta vikaratasi, kila kimoja na neno lake, amevifunga kwa ukanda wa mpira. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na ubishi wake juu ya viambishi ulikuwa umempotezea marafiki kadhaa wazuri. Namsema hivi kwa sababu nampenda.

Neno la kwanza aliloandika huko ni kuanika. Kwetu sisi huanikwa nguo, mpunga na dagaa. Wabayana huanika viongozi.

Wanasimulia kwamba zamani nchi yao ilikuwa na Mkuu mmoja aliyetawaliwa na mpishi wake kwa miaka kumi na mmoja. Mpishi aliteua majemadari, akatunga sheria, akaamua hata nani aoe wapi, na Mkuu akawa anaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa mpishi aliijua siri yake. Mpishi alipokufa siri ikatoka: Mkuu alikuwa anaogopa kuku. Wabayana waliona aibu kubwa, si ya kuku, bali ya ile miaka kumi na mmoja. Wakaapa kwamba kiongozi wao hatakuwa tena na kitu chini ya mkeka. Tangu hapo kila anayeshika ofisi ya umma husimama uwanjani saa sita mchana, jua la utosi, akaanika maradhi yake, hofu zake, chakula kinachomshinda, kama anakoroma, na mwisho kabisa moyo wake unawaelekea akina nani.

Bi Saumu alihudhuria Kuanika kwa Waziri wa Barabara, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alianika meno manne ya bandia, yote ya chini. Alianika kwamba hapati usingizi mpaka ashike sikio lake mwenyewe. Hapana aliyecheka, maana kucheka uwanjani kuna kifungo cha siku mbili. Watu walipiga makofi ya heshima wakaenda zao wametulia, na Bi Saumu, aliyekuja amejiandaa kudharau, akajikuta anaona kwamba si jambo baya. Alifikiria viongozi wa kwao na mikeka yao, akaguna.

Alikuwa amepanga chumba kwa Bi Hidaya, bibi mfupi, mkali, mwenye kauli ya mwisho juu ya kila kitu kuanzia chumvi hadi serikali.

"Sisi hatubagui, dada," Bi Hidaya alimwambia siku moja wakichambua mchele barazani. "Nasikia huko kwenu mwanamume akimpenda mwanamume mwenziwe mnamfukuza mtaani. Ushenzi huo. Hapa anapewa benchi lake, na mto wa kukalia."

Ilikuwa kweli. Katika Baraza la Bayana wajumbe hawakukaa kwa vyama wala kwa majimbo. Walikaa kwa mioyo. Benchi la kulia lilikuwa la wanaowapenda wanaume, wawe wenyewe wake au waume. La kushoto la wanaowapenda wanawake, vivyo hivyo. Wasio na hamu na yeyote walikuwa na viti vitatu nyuma, karibu na dirisha, na walionewa wivu kwa sababu ya upepo. Kati ya mabenchi yale mawili palikuwa na ujia mwembamba, na sheria ilisema waziwazi kwamba ujia huo ni wa mgawa chai peke yake.

"Na anayewapenda wote?" Bi Saumu aliuliza. Aliuliza kama mtunga kamusi, kujaza nafasi tu.

Bi Hidaya aliacha kuchambua. "Umeyasikia wapi hayo?"

"Sijayasikia popote. Nauliza."

"Basi usiulize." Akaupepeta mchele kwa nguvu hata punje zikamwagika, na hakusema tena neno mpaka chakula kikaiva.

Jibu lilikuja lenyewe asubuhi ya pili yake, limevaa koti. Alikuwa Bwana Mzingo, Msajili wa Mioyo, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, amebeba jalada kifuani kama mtu aliyebeba kitoto kichanga. Bi Hidaya alipomwona tu akachukua ndoo akaenda zake uani.

"Bi Saumu," Msajili alisema, "sheria yetu inataka mzozo wa neno uamuliwe kwa ushahidi wa mtaalamu asiye na benchi. Wataalamu wetu wa lugha ni wawili. Mmoja ni wa kulia, mwingine wa kushoto. Wewe ni mgeni. Tafadhali nitazamie hii."

Ilikuwa fomu ya Kuanika, karatasi nene ya chapa ya zamani. Mstari wa mwisho ulisomeka: Moyo wangu huwapenda wanaume au wanawake. Futa lisilohusika.

Aliyeijaza hakufuta wanaume. Hakufuta wanawake. Alikuwa amefuta "au," na juu yake ameandika kwa mwandiko safi, wa mtu aliyejifunza kuandika enzi za viboko, "na."

Bi Saumu aliisoma mara mbili. Nasema kweli, alifurahi, kwa furaha ile ya fundi anapoona kazi ya fundi mwenzake. "Lakini huyu amefuata maelekezo," alisema. "Mmemwambia afute lisilohusika. Kwake lisilohusika ni 'au.'"

Bwana Mzingo alifumba macho. "Hilo ndilo linaloninyima raha. Miaka tisini, Bi Saumu. Miaka tisini hakuna aliyewaza kwamba 'au' nalo ni neno la kufutika."

Mwenye fomu alikuwa Mheshimiwa Zuberi Mlenge, Waziri wa Maji. Kwa miaka kumi na minne alikaa benchi la kushoto, mume wa mke mmoja, Tausi, na hakuna aliyekuwa na neno naye. Tausi aliugua akafariki. Miaka minne ikapita. Sasa muhula wake ulikuwa umekwisha, ametakiwa aanike upya, na kumbe katika miaka ile minne alikuwa ametokea kumpenda Songoro, fundi wa kushona magodoro.

"Kwani kuhama benchi ni marufuku?" Bi Saumu aliuliza.

"La hasha! Wamehama wengi. Ila anayehama sharti atamke kwamba Kuanika kwake kwa kwanza kulikuwa kwa uongo. Akishatamka, Idara ya Masahihisho husahihisha vyote vilivyojengwa juu ya uongo ule. Cheti cha ndoa kinafutwa. Picha zinashushwa. Na kama kuna kaburi, jiwe linachongwa upya." Akatazama mlango wa uani, akashusha sauti. "Marehemu Tausi alikuwa binti wa mwenye nyumba hii."

Baraza lingekaa Jumatano. Kama Waziri asingechagua upande, angevuliwa uwaziri kwa kosa la kuanika kwa utata.

Ijumaa Mheshimiwa Zuberi alikuja mwenyewe. Bi Saumu alielezwa baadaye kwamba alikuja kila Ijumaa tangu mkewe alipozikwa, na mkungu wa ndizi begani, bila mlinzi wala gari. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mpole, mwenye vidole vya fundi bomba, maana hiyo ndiyo kazi aliyoanza nayo.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe wake.

Bi Hidaya alikuwa anafagia. Akaendelea kufagia. Akafagia mpaka miguuni pa mkwewe, akamzunguka, akafagia nyuma yake, akaingia ndani. Shikamoo ya watu ikabaki pale pale mlangoni bila jibu. Ilikuwa wiki ya tatu hiyo, tangu siku Zuberi alipomweleza habari za Songoro. Bi Saumu aliona haya kwa niaba ya nyumba nzima, akamvutia mgeni kigoda.

"Mheshimiwa, mimi si wa hapa, kwa hiyo nitauliza kijinga. Kwa nini usihamie kulia? Nasikia mito ya huko ni mipya."

Alicheka kidogo. "Nikihamia, watakwenda makaburini na patasi. Jiwe la Tausi limeandikwa 'mke mpenzi wa Zuberi.' Watayachonga maneno yale yatoke. Hatukujaliwa mtoto, Bi Saumu. Jiwe lile ndilo lililobaki kusema tulikuwepo."

"Basi baki kushoto."

"Nikibaki, Songoro ni jamaa tu aliyenishonea godoro. Nikilazwa hataruhusiwa kuingia. Nikifa atasimama nyuma ya watu kama mpita njia." Akavitazama vidole vyake. "Nilimuuguza Tausi miezi saba. Najua maana ya kuruhusiwa kuingia chumbani."

"Na wakikuvua uwaziri?"

"Watanivua. Visima vya kaskazini havijakwisha, na hilo linaniuma, sikufichi. Naipenda kazi yangu. Lakini mkono wa kumfuta mtu sina, awe wa kwanza au wa pili."

Aliondoka akaacha mkungu wa ndizi ukutani. Bi Hidaya alitoka, akauangalia kwa muda mrefu, kisha akauingiza ndani, maana hasira ni hasira na ndizi ni ndizi.

Jumanne mchana Bwana Mzingo alirudi. Safari hii hakubeba jalada. Alibeba sahani ya visheti iliyofunikwa kitambaa.

"Nakuja kama mtu, si kama Msajili," alisema. "Hebu fikiria. Kesho ukisimama, useme tu kwamba katika lugha ya zamani 'na' iliwahi kutumika kwa maana ya 'au.' Neno moja dogo. Mimi nitaisoma fomu kana kwamba haikuguswa, nitasema Waziri alisahau kufuta, nitamrudisha kushoto alipozoea. Jiwe litabaki. Uwaziri utabaki. Visima vitachimbwa. Bi Hidaya atalala. Hakuna atakayeumia."

Lazima niseme kwamba Bi Saumu alishawishika. Alikuwa mgeni, alikuwa amechoka na ule ukimya wa jikoni, na Msajili alikuwa mtu mwema kweli; jasho lilikuwa linamtoka kwa wema. Tena katika kazi yake alikuwa ameona maneno yakipewa maana za ajabu kuliko hiyo na watu wenye vyeo kuliko yeye. Alichukua kisheti, akatafuna.

"Na Songoro?" aliuliza.

"Songoro yupi?" alisema Bwana Mzingo.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesahau tu. Bi Saumu alikiweka chini kile kisheti kikiwa nusu, akamshukuru kwa kuja, akaingia chumbani kwake kukunjua gauni la kuvaa kesho.

Baraza lilijaa. Watu wa Bayana wanapenda kesi za maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Zuberi alisimamishwa mbele, pasipo benchi. Songoro alikuwa juu, mahali pa wasikilizaji, kijana wa zamani mwenye mvi za mapema na nyuzi za pamba kwenye mikono ya shati. Bi Hidaya alikaa safu ya kwanza, mkoba mapajani, uso wake umefungwa kabisa.

Alianza Mheshimiwa Pazi wa benchi la kushoto, msemaji hodari. "Tumekaa na mtu huyu miaka kumi na minne bega kwa bega! Tumegawana naye mto! Leo anatuambia muda wote huo mguu wake mmoja ulikuwa nje?"

Mama mmoja wa benchi la kulia akadakia: "Na sisi huku hatutaki nusu. Aje mzima, tumkaribishe na chai. Nusu aende nayo nyumbani."

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema Waziri ana msiba, atapoa. Mwingine alisema si msiba, ni ujanja wa siasa, mtu anatafuta kura za mabenchi mawili. Wa tatu akasema anamwonea huruma, kwani asiyejijua moyo wake atayajuaje mabomba ya nchi nzima. Lililomshangaza Bi Saumu ni kwamba mabenchi yale mawili, ambayo hayakuwahi kukubaliana hata juu ya tarehe ya sikukuu, siku hiyo yalikuwa kitu kimoja. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba Zuberi ni wa upande wa pili, ila ni mwoga.

Bi Saumu akaitwa. Alisimama akaivuta miwani yake juu.

"'Na' ni kiunganishi," alisema. "Kazi yake ni kuvishika vitu viwili bila kukipunguza hata kimoja. Nikisema nina kaka na dada, sijasema kaka yangu ni wa uongo. Niliombwa niseme kwamba zamani ilimaanisha 'au.' Haikumaanisha. Nimeitafuta kwa miaka thelathini katika barua, katika nyaraka, katika vinywa vya watu. 'Na' ni 'na.'"

Bwana Mzingo alitazama viatu vyake.

"Vizuri sana!" Pazi alipiga kofi mezani. "Mtaalamu amenisaidia. Mtu akienda hotelini akaagiza chai na mkate, si huletewa vyote viwili, sahani moja, wakati mmoja? Kwa hiyo Waziri anatuambia ana wawili kwa mpigo!"

Ukumbi ulicheka. Kucheka ndani hakuna kifungo.

Zuberi aliomba ruhusa ya kusema. "Mheshimiwa Pazi, wewe ni mkulima. Unapenda mvua na jua?"

"Mkulima gani asiyependa?"

"Tazama nje. Leo hakuna mvua. Je, leo wewe ni mwongo?"

Pazi alitazama nje kweli, na watu wote wakatazama naye. "Mvua haiolewi," alisema hatimaye, na benchi lake likampigia makofi, lakini si ya nguvu kama ya mwanzo.

"Nilikuwa na mke mmoja, nikamwoa, nikamzika," Zuberi alisema. "Sasa kuna mtu mmoja. Sijawahi kuwa na zaidi ya mmoja. Ila moyo uliompenda yule na unaompenda huyu ni huu huu. Sina mwingine wa kuwaanikia."

Chai ikaja, ikanywewa, mjadala ukarudi mwanzo. Mwishowe Msajili akasema sheria ina njia moja iliyobaki: aulizwe mzazi wa marehemu kama ndoa ile ilikuwa ya kweli. Akisema ilikuwa ya uongo, Waziri ni wa kulia, patasi iende kazini. Akisema ilikuwa ya kweli, angalau jambo moja litajulikana. Akamwita Bi Hidaya.

Bibi alisimama taratibu. Alikwenda mbele, akaweka mkoba juu ya meza ya Msajili, juu ya karatasi zake.

"Mimi nimemkasirikia huyu," alisema, bila kumtazama mkwewe. "Nasema mjue. Nimemkasirikia kwa sababu siku moja nilikwenda kununua unga, nikapita dukani kwa mshona magodoro, nikamsikia ndani anacheka. Kile kicheko chake cha zamani. Mwanangu yuko chini ya udongo na yeye anacheka. Nilirudi nyumbani bila unga. Na angekuwa anacheka na mwanamke ningekasirika vilevile, tena zaidi, kwa sababu ningesema anavaa kanga za Tausi."

 Songoro kule juu aliinamisha kichwa.

"Sasa mnaniuliza ndoa ilikuwa ya kweli. Aliyemwosha mwanangu miezi saba ni nani? Mimi mikono yangu ilikuwa haina nguvu. Aliyekuwa anamsomea gazeti wakati macho yamegoma ni nani? Ninyi mlikuwa kwenye mabenchi." Akakohoa. "Mimi nilizaa wawili, Tausi na kaka yake. Nilimpenda wa kwanza mpaka nikaogopa. Akaja wa pili. Hakuna msajili aliyenijia na fomu kuniambia nifute mmoja."

Akachukua mkoba wake. Alipokuwa anarudi mahali pake ilibidi apite mbele ya Zuberi. Alisimama hapo, akaivuta kola ya koti lake iliyokuwa imepinda, akainyoosha.

"Marahaba," alisema.

Zuberi alifunika uso kwa vile vidole vya fundi bomba, akalia mbele ya Baraza lote, na hakuna aliyejua ajaze hilo katika fomu gani. Bi Saumu naye alilia, akasingizia miwani.

Hukumu ilisomwa siku ya tatu. Bwana Mzingo aliisoma kwa sauti isiyotetemeka, jambo lililowashangaza waliomjua. Fomu ilikuwa imejazwa kwa kufuata maelekezo, kwa hiyo ni halali. Ndoa ya Tausi ilikuwa ya kweli, kwa hiyo jiwe lisiguswe. Songoro aandikwe katika daftari kama mtu wa karibu wa Waziri, mwenye ruhusa ya kuingia chumba chochote cha ugonjwa. Uwaziri haukuwa na kasoro. Lilibaki benchi tu. Sheria ilisema hakuna mjumbe atakayekaa kwenye benchi lisilo lake, na benchi la Waziri halikuwepo.

"Kwa hiyo," alisoma Bwana Mzingo, "Mheshimiwa Waziri wa Maji ataendelea na kazi zake zote, akiwa amesimama."

Zuberi akasimama. Wabayana waliridhika sana na uamuzi huo. Waliambiana kwamba hakuna nchi nyingine ambayo ingemtendea haki namna ile, na wakakaa chini kujadili mabomba kwa saa tano, huku Waziri wa mabomba akiwajibu kutoka ujiani, akijibana ukutani kila mgawa chai alipopita.

Songoro alimshonea kigodoro chembamba cha kusimamia. Aliyekipeleka Barazani ni Bi Hidaya, amekibeba kwapani mchana kweupe, na aliyeuliza aliambiwa aulize vizuri. Ukazuka mjadala mpya kama godoro la miguu ni kiti. Ulichukua siku mbili. Bi Saumu aliitwa tena kwa ushahidi, akasema kiti ni cha kukalia, basi, akarudi kufunga mizigo yake.

Siku ya kuondoka alipita Barazani kuaga. Alikaa juu, karibu na Songoro, wakagawana ndizi. Chini walikuwa wanajadili kisima cha sita cha kaskazini. Zuberi alikuwa anaeleza kina cha maji, ameegemea mguu mmoja ili kupumzisha wa pili.

Katikati ya maelezo, mjumbe mmoja wa benchi la kulia akainuka. Alikuwa Bi Kidawa, mkongwe kuliko wote, mwenye miaka sabini na minane na fimbo, na miaka thelathini na mmoja katika benchi lile. Kona aliyokalia ilikuwa imebonyea umbo lake. Walidhani anakwenda msalani. Hakwenda. Alisimama mbele ya meza ya Msajili.

"Naomba fomu yangu," alisema.

"Ipi, bibi?"

"Ya kwanza kabisa. Kuna neno moja nataka kulifuta."

 Bwana Mzingo alikwenda kabatini mwenyewe, akatafuta kwa muda, akarudi na karatasi iliyokuwa imegeuka rangi ya chai. Akaipangusa kwa kiganja. Akampa na kalamu.

Bi Kidawa alifuta, akaandika juu yake pole pole, akaupulizia wino ukauke. Kisha hakurudi kwenye benchi lake. Alikwenda na fimbo yake mpaka ujiani, na Zuberi akasogea, akamwachia nusu ya kigodoro.

Mgawa chai aliingia na sinia. Akawaona wawili wamesimama pale bega kwa bega, na ujia umejaa. Alifikiri kidogo, akageuka, akaenda kuzungukia mlango wa nje. Chai iliwafikia wajumbe imepoa, na wakainywa.